Kwa Nini Kazi ya Nyumbani Haimaliziki?

Mazungumzo kwa wazazi, walimu na wanafunzi wa shule za sekondari za kutwa

Hakuna shule ya sekondari ya kutwa katika Kenya isiyoijua asubuhi ya namna hii. Mwalimu aingia darasani, aagiza madaftari yatolewe, na mara vichwa kadha wa kadha vyainama. Wanafunzi wengine wameifanya kazi yote waliyopewa jana. Wengine wameifanya nusu. Wengine wamenakili upesi upesi majibu ya wenzao kabla ya kengele kulia, na wengine hawakufungua kitabu kabisa. Mwalimu akiuliza sababu, aghalabu hapati jibu ila kimya. Na mahali penye kimya, watu wazima huwa na neno moja tayari, nalo ni uvivu.

Uvivu upo, na hapana haja ya kukana. Lakini mtu akiyachunguza mambo kwa makini, ataona ya kuwa mara nyingi kazi hiyo imekwisha kushindikana kabla mtoto hajashika kalamu. Imeshindikana kwa sababu ya saa, au kwa sababu ya taa na mahali pa kukaa, au kwa namna ilivyotolewa, au kwa sababu ya hofu. Mambo hayo yote manne yamo zaidi katika mikono ya watu wazima kuliko katika mikono ya mtoto. Kwa hiyo yafaa yatazamwe moja moja, ili kila mtu ajue sehemu yake.

HASARA NI KUBWA KIASI GANI?

Kwanza yapasa kujua kama jambo lenyewe lastahili kushughulikiwa. Huko Marekani, Harris Cooper, aliyekuwa mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Duke, mwaka 2006 yeye na wenzake walikusanya na kupima uchunguzi mwingi uliofanywa juu ya kazi za nyumbani. Waliona ya kuwa kwa watoto wadogo wa shule za msingi faida yake ni ndogo, lakini kwa vijana wa sekondari wale wanaofanya kazi hiyo hufaulu zaidi. Waliona pia ya kuwa faida hiyo ina kikomo. Kazi ikizidi muda wa saa moja na nusu mpaka saa mbili na nusu kila usiku, mwanafunzi huchoka wala haongezi maarifa.

Sasa hesabu rahisi yaweza kufanywa na mzazi yeyote. Mwanafunzi akikosa muda wa saa moja tu ya kusoma nyumbani kila siku ya shule, kwa siku 5 za juma, katika majuma 36 ya mwaka, amekosa saa 180. Kwa miaka minne amekosa saa 720. Kwa kanuni za elimu ya msingi za mwaka 2015, masomo ya darasani huanza saa mbili asubuhi na kwisha saa tisa na nusu alasiri, yaani muda wa saa saba na nusu kwa siku. Basi saa hizo 720 ni sawasawa na siku 96 za shule, ambazo ni nyingi kuliko siku za muhula mzima. Hakuna mzazi ambaye angekubali mtoto wake afukuzwe shule muhula mzima pasipo kosa. Lakini ndivyo inavyotukia, kidogo kidogo, usiku baada ya usiku, na hakuna aonaye.

Tena mwanafunzi wa kutwa hashindani na wenzake wa kutwa peke yao. Kanuni hizo hizo za mwaka 2015 humpa mwanafunzi wa shule ya bweni kipindi cha kujisomea kila jioni, tangu saa moja na nusu mpaka saa tatu na nusu usiku. Yeye amekwisha kula, ana taa, ana dawati, na hana maji ya kuchota. Mwisho wa safari mtihani ni mmoja, wala karatasi ya mtihani haiulizi kama mtu alisoma kwa taa ya umeme au kwa koroboi.

SAA ZA MTOTO

Chukueni mfano wa baba mmoja wa shambani aliyekwenda kwa mwalimu kumshitaki binti yake mwenyewe.

"Mwalimu," akasema, "huyu binti amenishinda. Nimemnunulia sare na viatu, na pesa za chakula cha mchana nalipa, lakini kila siku naambiwa kazi haikumalizwa. Mwadhibuni tu, nimewapa ruhusa."

"Pole, Mzee," mwalimu akajibu. "Lakini kabla ya kusema habari ya adhabu, hebu tuzihesabu saa zake. Huondoka hapa saa kumi na moja kasorobo, michezo ikiisha. Nyumbani hufika saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili. Ni mwendo wa kilomita tano hivi."

"Akifika hufanya nini?"

"Huenda mtoni kuchota maji, maana mama yake huwa hajarudi kutoka sokoni. Kisha huwasha moto, hupika ugali na mboga, na kuwaogesha wadogo zake. Tukiisha kula, huosha vyombo."

"Hapo ni saa ngapi, Mzee?"

Baba akafikiri kidogo. "Ni saa tatu, Mwalimu. Pengine saa tatu na nusu."

"Na alfajiri huamka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja, ili awahi kufika shuleni."

"Na kaka yake, huyu aliye darasa moja naye, jioni ana kazi gani?"

"Huwafunga ng'ombe zizini, kisha..." Baba akanyamaza. Halafu akasema polepole, "Kisha husoma, Mwalimu. Yeye husoma."

Mfano huu hauhitaji maelezo marefu. Kutoka saa tatu na nusu usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri ni muda wa saa saba na nusu. Madaktari wa mambo ya usingizi husema ya kuwa kijana wa miaka 13 mpaka 18 ahitaji kulala muda wa saa 8 mpaka 10. Basi binti huyo, hata akienda kitandani mara tu baada ya kuosha vyombo, bado usingizi haumtoshi. Kila dakika atakayoitumia kwa hesabu au insha ni dakika aliyoiiba katika usingizi, na kesho yake atailipa kwa kusinzia darasani. Watu wataona anasinzia, nao watasema tena neno lile lile, kwamba ni mvivu.

Hapana mtu asemaye ya kwamba mtoto asifanye kazi nyumbani. Kazi humfunza mtoto kuwa mtu, na jamaa nyingi haziwezi kuishi pasipo msaada wa watoto wao. Lakini kazi ya jamaa yaweza kugawanywa. Mvulana ana mikono miwili kama dada yake, na sufuria haijui kama anayeiosha ni wa kiume au wa kike. Maji ya jioni yaweza kuchotwa asubuhi na mwingine, na kuni za juma zima zaweza kukusanywa siku ya Jumamosi. Binti akiachiliwa muda wa saa moja tu kila jioni, amerudishiwa zile siku 96 zilizotajwa hapo juu.

TAA NA MAHALI PA KUKAA

Nchi hii imepitiwa na mstari wa Ikweta, na kwa hiyo mchana wake haurefuki wala haufupiki sana. Mwaka mzima jua huzama karibu na saa kumi na mbili na nusu. Katika nchi za Ulaya mtoto aweza kusoma dirishani mpaka usiku wakati wa kiangazi, lakini hapa, mtoto afikapo nyumbani saa kumi na mbili, nuru ya bure iliyobaki ni ya nusu saa tu. Baada ya hapo kila mstari anaousoma wahitaji taa.

Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha ya kuwa kama nusu ya jamaa zote za Kenya walitumia umeme wa nyaya kwa taa zao, na karibu jamaa 1 katika 5 walitumia umeme wa jua. Katika waliobaki, wengi walitumia mafuta ya taa. Tangu hapo umeme umeendelea kuenea, lakini bado wako watoto wengi wasomao kwa koroboi. Moshi wake huumiza macho na kifua, mwanga wake hautoshi watu wawili, na mafuta yake si rahisi tena, kwa kuwa mwaka 2018 Serikali iliongeza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ili kuzuia watu wasiyachanganye na dizeli. Taa ikiwa ni moja nyumbani, hufuata chungu jikoni, wala haifuati daftari. Mzazi awezaye kununua taa ndogo ya jua amenunua kitu kilicho sawa na kitabu.

Mjini mambo ni mengine. Taa ipo, lakini mahali hapapo. Jamaa ya watu sita wakaao katika chumba kimoja cha Mathare au Mukuru hawana meza ya kumpa mtoto. Televisheni inasema, mtoto mchanga analia, jirani amefungua muziki, na wageni wameketi juu ya kitanda ambacho ndicho dawati la mwanafunzi. Katika jamaa kama hizo, dawa iliyo bora ni kutafuta mahali nje ya nyumba. Jiji la Nairobi lina maktaba zake za Kaloleni na Makadara, na maktaba nyingine ziko katika kaunti nyingi. Penginepo ukumbi wa kanisa, chumba cha msikiti au darasa la shule ya msingi iliyo karibu laweza kufunguliwa jioni chini ya ulinzi wa mtu mzima anayeaminika. Gharama yake ni taa na mlinzi tu.

Halafu iko simu. Mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi wa Machi kwa ajili ya ugonjwa wa korona, masomo yalipelekwa kwa redio, televisheni na simu, na waliokosa vyombo hivyo walibaki nyuma. Hivyo simu yaweza kuwa mwalimu. Lakini simu ile ile ina picha na michezo isiyokwisha, nayo humwita mtoto kila dakika. Si lazima mzazi aijue simu kama mtoto wake aijuavyo. Yatosha aweke sheria moja, kwamba wakati wa kusoma simu iwekwe mbali, isipokuwa kwa neno lililoagizwa na mwalimu.

KAZI ISIYOELEWEKA

Si haki kuwatupia wazazi lawama yote, maana kazi nyingine hushindikana tangu ilipotolewa. Kengele inalia, wanafunzi wamekwisha kusimama, na mwalimu asema, "Fanyeni ukurasa wa 47, namba ya kwanza mpaka ya 20." Mwanafunzi afika nyumbani, afanya namba mbili za kwanza, akwama kwa namba ya tatu. Baba hakufika sekondari, mama hajui Kiingereza cha kitabu hicho, na jirani aliyesoma yuko kazini mjini. Mtoto huyo akifunga kitabu, si mvivu. Amefika mwisho wa maarifa yake, wala hakuna wa kumvusha.

Lau mwalimu angaliacha dakika kumi kabla ya kengele, namba mbili za kwanza zikafanywa pale pale darasani, angaliona ni nani aliyeelewa na ni nani asiyeelewa. Maswali sita yaliyochaguliwa vizuri ni bora kuliko 20 yaliyotolewa kwa haraka. Kadhalika vitabu vyapasa kukumbukwa. Tangu mwaka 2018 Serikali imepeleka vitabu vya masomo moja kwa moja shuleni, na mahali pengi mambo yametengenea. Lakini kitabu kikitumiwa na wanafunzi wawili wakaao vijiji mbalimbali, mmoja wao atalala bila kitabu, na mwalimu yapasa ajue ni yupi.

Jambo jingine ni walimu kutoshauriana. Walimu watano, kila mmoja akitoa kazi ya nusu saa siku hiyo hiyo, wamempa mwanafunzi kazi ya muda wa saa mbili na nusu, wala hakuna mmoja wao adhaniaye ya kuwa ametoa nyingi. Shule yenye ratiba ya kazi za nyumbani, kila somo na siku yake, huliondoa tatizo hilo kwa karatasi moja iliyobandikwa ukutani.

Mwisho wa yote ni kusahihisha. Mwanafunzi aliyekesha kwa ajili ya kazi ambayo mwalimu hakuitazama hujifunza neno moja tu, kwamba kesho asikeshe tena. Ni kweli ya kuwa mzigo wa walimu ni mzito, na umezidi tangu mwaka 2018, Serikali ilipoagiza kila mtoto amalizaye shule ya msingi aingie sekondari. Mwalimu mwenye madarasa manne ya wanafunzi 50 ana madaftari 200. Akitumia dakika tatu tu kwa kila daftari, ni muda wa saa kumi. Hawezi kusahihisha yote kila siku. Lakini aweza kusahihisha darasa moja kwa zamu, aweza kuwaambia wanafunzi wabadilishane madaftari huku majibu yakiandikwa ubaoni, na aweza kupita kati ya madawati akitia alama. Mtoto hahitaji maneno mengi ya wino mwekundu. Ahitaji kujua ya kuwa kazi yake imeonekana.

HOFU HAIFUNDISHI

Wako wazazi na walimu ambao bado huamini ya kuwa fimbo ndiyo dawa. Sheria ya nchi imekwisha kulikataa jambo hilo. Adhabu ya viboko shuleni iliondolewa mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yakataza mwanafunzi asipigwe wala asiteswe moyoni. Lakini hata kama sheria isingekuwapo, akili yenyewe yaonyesha hasara yake. Mtoto aogopaye adhabu ana njia tatu. Aweza kufanya kazi, ikiwa anaiweza. Aweza kunakili kazi ya mwenzake, na hivyo akamdanganya mwalimu na kujidanganya mwenyewe. Au aweza kutofika shuleni. Huondoka nyumbani amevaa sare, akashinda kichakani au kando ya barabara, na jioni akarudi kana kwamba ametoka darasani. Siku moja huzaa siku mbili, na siku mbili huzaa juma. Watoto wengine waliokwisha kuacha shule walianza kwa namna hiyo, kwa ajili ya daftari moja lililokuwa tupu.

Vivyo hivyo mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya pesa hukosa somo, na aliyekosa somo hawezi kufanya kazi ya somo hilo. Tangu mwaka 2008 Serikali hulipa ada ya masomo kwa wanafunzi wa kutwa, lakini chakula cha mchana na mahitaji mengine bado huwalemea wazazi. Mtoto kama huyo akirudi darasani, apewe daftari la mwenzake asome yaliyompita kabla ya kudaiwa kazi.

YAPASAYO KUFANYWA

Basi, kila mmoja achukue sehemu yake.

Mwalimu atoe kazi chache zilizo wazi, azianzishe darasani, na azitazame zikirudi. Mtoto akikosa kuimaliza kazi, amwulize faraghani, wala si mbele ya wenzake: "Ulifika nyumbani saa ngapi? Ulikwama wapi? Una taa?" Maswali hayo matatu huonyesha mengi kuliko adhabu kumi.

Mkuu wa shule aweza kuacha darasa moja wazi alasiri, chini ya mwalimu wa zamu, kwa wale wasio na taa au mahali pa kukaa. Wale watokao mbali, na hasa wasichana, waachiliwe mapema, wasitembee gizani.

Mzazi atenge muda wa saa moja kila jioni, na jamaa yote iuheshimu. Ikiwa hakusoma, asidhani ya kuwa hana la kufanya. Aweza kusema, "Mwanangu, lete daftari. Nionyeshe kazi ya leo." Aweza kutazama tarehe, na kuona kama ukurasa umeandikwa au ni mtupu, na kama alama ya mwalimu ipo au haipo. Aweza kumwambia mtoto amweleze kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani yale aliyofundishwa, maana mtu awezaye kueleza jambo kwa lugha ya mama yake amelifahamu kweli.

Na mwanafunzi mwenyewe ana sehemu yake, wala asijifiche nyuma ya shida. Aanze na kazi iliyo ngumu kabla hajachoka. Aandike katika kijitabu kazi zote alizopewa, asitegemee kumbukumbu. Akikwama, aandike mahali alipokwamia na kumwuliza mwalimu kesho yake, kwa kuwa asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Na ikiwa kweli ni uvivu, basi saa amepewa, taa amepewa, kazi ameielewa, wala hatishwi na mtu. Hapo ndipo lawama itakapokuwa yake, na hapo ndipo maonyo yatakapomfaa.

Wazee walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Mwalimu peke yake hawezi kulimaliza jambo hili, wala mzazi, wala mtoto. Muhula huu, kabla neno la uvivu halijatamkwa katika nyumba yoyote, mzazi na akae na mwanawe na kuzihesabu saa zake tangu alfajiri mpaka wakati wa kulala. Hesabu hiyo haihitaji elimu kubwa, na jioni hiyo hiyo itamwonyesha pa kuanzia.